Faini kwa Kusema Kweli: Hoteli Inapomtoza Mgeni kwa Maoni Yake

Mwaka 2014 mtu na mkewe walilala usiku mmoja katika hoteli ya mji wa Blackpool, pwani ya kaskazini-magharibi ya Uingereza. Chumba kiliwagharimu pauni 36. Hawakuridhika nacho hata kidogo, na waliporejea kwao waliandika katika tovuti ya TripAdvisor kwamba mahali pale palikuwa pachafu, pameoza na pananuka. Baadaye waligundua kwamba kadi yao ya benki imetozwa pauni 100 zaidi. Walipouliza sababu, walielekezwa kwenye hati ya kuhifadhi chumba. Humo mlikuwa na sharti kwamba kila andiko la kuisema hoteli vibaya, katika tovuti yoyote, lingetozwa hadi pauni 100.

Tozo hiyo ilikaribia mara tatu ya bei ya chumba chenyewe. Tumeanza na kisa hiki kwa sababu msomaji wa Nakuru au wa Malindi anayehifadhi chumba kwa simu hutoa namba ya kadi, au hutuma malipo ya awali, kama walivyofanya wageni wale. Katika somo hili tunaeleza jinsi tozo za namna hii zinavyofanya kazi, kama zina nguvu ya sheria, na hatua ambazo mteja anaweza kuchukua.

Jinsi mtego unavyotegwa

Tozo hii husimama juu ya mambo mawili. La kwanza ni sharti lililofichwa. Wageni wengi hawasomi masharti na kanuni hadi mwisho, na mwenye kuyaandika analijua hilo. La pili, ambalo ndilo kubwa, ni kwamba fedha za mgeni tayari zimo mikononi mwa hoteli. Kwa kawaida mtu anayekudai hukuandikia, hukusubiri, na ukikataa hukupeleka mahakamani akathibitishe dai lake. Hoteli yenye namba ya kadi yako au amana yako hujilipa kwanza, kisha wewe ndiwe unayebaki kuhangaika.

Mwaka huohuo wa 2014 ilijulikana kwamba nyumba moja ya wageni katika mji wa Hudson, jimbo la New York nchini Marekani, iliwaandikia waliofanya harusi kwamba ingekata dola 500 katika amana yao kwa kila maoni mabaya. Sharti lile halikuwahusu maarusi peke yao: hata mwalikwa mmoja akilalamika mtandaoni, maarusi ndio wangelipa. Watu walipolisikia walikasirika, wakaijaza kurasa ya nyumba ile lawama. Wenyewe walijitetea kwamba ulikuwa mzaha.

Katika jimbo la Indiana, mwanasheria mkuu wa jimbo aliishtaki nyumba nyingine ya wageni mwezi Desemba 2017. Kwa mujibu wa mashtaka, mgeni aliyelalamika mtandaoni alitozwa dola 350 katika kadi yake, na kutishiwa kushtakiwa. Sharti la nyumba ile lilisema kwamba mgeni asiyeipa nafasi ya kurekebisha kasoro angali pale, kisha akaisema vibaya hadharani, angetozwa. Kisa hiki kina funzo ambalo tutalirudia hapo mbele.

Je, sahihi yako inakufunga?

Wengi hudhani kwamba wakishatia sahihi mambo yamekwisha. Sivyo. Mapatano hayapati uhalali kwa kuandikwa tu, na sheria za nchi nyingi hukataa masharti yanayomwonea mteja. Huko Blackpool, maafisa wa halmashauri ya mji wanaosimamia haki katika biashara waliingilia kati. Hoteli iliwarudishia wageni fedha zao na kuliacha sharti lake.

Marekani ilikwenda mbali zaidi. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2014, na mwezi Desemba 2016 nchi nzima ikapata Sheria ya Haki katika Maoni ya Wateja. Chini ya sheria hiyo, sharti lolote katika mkataba uliochapwa tayari, ambao mteja hana nafasi ya kuujadili, ni batili ikiwa linamzuia kutoa maoni ya kweli au linamtoza kwa kuyatoa.

Hapa Kenya hatuna sheria mahsusi ya maoni ya mtandaoni. Hata hivyo mteja hakuachwa bila kinga. Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa haki ya kupata huduma za kiwango kinachofaa, taarifa za kumwezesha kunufaika na huduma hizo, ulinzi wa maslahi yake ya kiuchumi, na fidia akipata hasara kutokana na kasoro. Ibara ya 33 inalinda uhuru wa kujieleza. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 nayo inakataza mienendo isiyo ya haki katika biashara, na masharti yaliyoegemea mno upande mmoja ni miongoni mwa mambo yanayoweza kuzingatiwa. Kwa maoni yetu, hoteli inayomtoza mgeni kwa kusema ukweli itapata shida kubwa kulitetea sharti lake mbele ya sheria hizi.

Mipaka ya haki yako

Haki ya kutoa maoni haina maana kwamba kila neno linaruhusiwa. Sheria ya Kashfa, Sura ya 36, ingali inamruhusu aliyechafuliwa jina kwa uongo kudai fidia. Kwa hiyo andika uliyoyaona. Ukisema, “Tuliingia saa mbili usiku, shuka zilikuwa na madoa, na maji ya moto hayakutoka hadi asubuhi,” umesema jambo linaloweza kuthibitishwa. Ukisema, “Wenye hoteli hii ni wezi,” umetoa tuhuma ya jinai ambayo huenda ukatakiwa kuithibitisha.

Vilevile usiyageuze maoni kuwa silaha ya kujipatia faida. Mgeni anayemwambia meneja, “Nipe chumba bure la sivyo nitawaandika,” ameiharibu kesi yake mwenyewe.

Hatua za kuchukua

Kabla ya kulipa, soma masharti, hasa sehemu zinazotaja amana, tozo na kadi. Ukikuta sharti la kuzuia maoni, uliza kwa maandishi maana yake, au tafuta hoteli nyingine. Hifadhi nakala ya masharti kama yalivyokuwa siku ulipolipa, kwa kuwa yanaweza kubadilishwa baadaye.

Ukiwa hotelini, toa malalamiko yako kwanza kwa mapokezi au kwa meneja. Hili ndilo funzo la Indiana: ukiwa umeipa hoteli nafasi ya kurekebisha, huna la kulaumiwa. Piga picha, andika saa, na jina la aliyekuhudumia. Ukipeleka malalamiko kwa ujumbe wa simu, usiufute.

Baada ya kuondoka, andika maoni yako hasira zikiwa zimetulia. Taja pia lililokuwa zuri kama lilikuwapo, maana msomaji humwamini zaidi mwenye kusema yote.

Ukitozwa, chukua hatua mara moja. Iandikie hoteli ukidai fedha zako, na uipe tarehe ya mwisho ya kujibu. Kama ulilipa kwa kadi, iarifu benki bila kuchelewa kwamba hukuidhinisha malipo hayo, na uambatanishe ushahidi. Kama ulilipa kwa simu, tunza ujumbe wa muamala. Unaweza pia kulalamika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Hatimaye iko Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na ambako unaweza kujitetea mwenyewe bila wakili.

Usifute maoni ya kweli kwa hofu peke yake. Ukigundua umekosea jambo, lisahihishe. Ukiwa umesema kweli, tafuta ushauri kabla ya kukubali kunyamaza.

Kwa nini jambo hili linatuhusu sote

Pauni 100 au dola 350 ni hasara ya mtu mmoja. Hasara iliyo kubwa zaidi humpata mgeni wa kesho, ambaye atasoma sifa tupu, alipe, kisha akute shuka zilezile zenye madoa. Huyo hatajua kwamba waliomtangulia walinyamazishwa. Na mwenye hoteli anayefua shuka zake na kulipa wafanyakazi wake vizuri hudhulumiwa pia, kwa kuwa mwenzake mchafu anaonekana sawa naye. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hoteli inayohitaji faini ili isifiwe imekwisha kujieleza yenyewe.