Musa Aliitwa Akiwa na Miaka 80
Somo: Kutoka 3:7-12, 4:1-17, 7:7



Nilipokuwa nasomea biashara chuoni tulifundishwa kwamba kampuni ikinunua mashine, thamani yake hupunguzwa kidogo kila mwaka kwenye vitabu vya hesabu, mpaka siku moja inaandikwa sufuri. Kwa mashine ni sawa. Shida ni kwamba wengi wetu tunajihesabia hivyo hivyo. Mtu akistaafu kazi ya serikali akiwa na miaka 60, anaona ati kazi yake duniani imeisha.

Juzi mzee mmoja wa hapa kanisani aliniambia, "Pasta, mnaniheshimu sana, mmenipa kiti cha mbele. Lakini tangu nistaafu hakuna mtu ameniomba kufanya kitu." Iliniuma, kwa sababu ratiba ya huduma naipanga mimi, na nilikuwa nimejaza majina ya vijana peke yao.

Tumtazame Musa.

1. Mungu alianza na kilio cha watu. Hakuwa anamtafutia Musa shughuli ya uzeeni. Alikuwa amesikia mateso ya Waisraeli kule Misri, ndipo akamtuma. Ukitafuta kusudi lako, usikae nyumbani ukijiuliza tu, "Sasa mimi ni nani?" Sikiliza ni nani analia karibu nawe.

2. Musa alijitetea mara tano, lakini hakutaja umri hata mara moja. Alipolalamika kwamba si msemaji, Mungu alimpa Haruni, naye alikuwa na miaka 83! Kama magoti yamekataa, tafuta Haruni wako mwende pamoja.

3. Mungu alitumia kilichokuwa mkononi. Ilikuwa fimbo tu, ya mtu aliyechunga mifugo ya mkwewe. Miaka 40 ya Midiani haikupotea. Mwalimu mstaafu, kuna mtoto wa jirani ambaye kusoma kunamshinda. Muuguzi mstaafu, kuna mgonjwa anayeogopa kwenda kliniki peke yake. Mama uliyeuza sokoni miaka mingi, kuna wasichana hapa wanaanza biashara na hawajui kutenganisha mtaji na pesa ya unga. Hilo hata digrii yangu haiwafundishi kama wewe.

La kufanya wiki hii: Taja mtu mmoja mwenye uhitaji, kisha umwendee kabla ya Jumapili. Usingoje kutangazwa madhabahuni.

Baba zetu na mama zetu, mnisamehe. Jumapili baada ya ibada nitakuwa mlangoni na daftari. Sitauliza miaka yenu. Nitauliza mnajua kufanya nini, na nani tuwapeleke kwake. Nanyi vijana, kumpisha mzee kiti ni vizuri, lakini pia mwombeni awafundishe.

Maombi: Bwana, tufungue masikio tusikie kilio unachosikia wewe. Tupokee na kile tulicho nacho mkononi. Kwa jina la Yesu, amina.