Tairi za kashata kwenye kona za lami

SWALI: Fundi, pikipiki yangu ni ya sisi 125. Nimeifunga tairi za kashata kwa ajili ya njia za shambani, lakini nikishuka Lushoto kwenda Mombo, kwenye kona naiona kama inaogelea. Nifanyeje?

JIBU: Hujakosea kaka, inaogelea kweli. Kashata ndefu hujipinda pikipiki inapolala, na kwenye lami kinachogusa chini ni vichwa vyake tu. Kwa hiyo maliza kupunguza mwendo kabla ya kona, pikipiki ikiwa bado wima: breki zote mbili, shusha gia, achia breki, ndipo uilaze taratibu. Humo ndani shika mafuta kidogo, bila kustukiza. Ukiingiwa na hofu katikati ukabana breki ya mbele, tairi litakutoroka.

Na ile tabia ya kushuka mlima kwa frii ili kuokoa mafuta, iache leo. Injini ndiyo inayokushikia mwendo pale.

Macho yatangulie kona inakotokea, si korongoni. Kona ya kulia usiikate. Basi linalopanda nalo linatanua.

Kwenye changarawe mambo hugeuka: mwili ubaki wima, pikipiki ilale chini yako, mguu wa nje ukandamize pega yake.

Halafu upepo. Wengi huupunguza ili tairi ling'ate tope, wakasahau kuurudisha. Tairi laini huzidisha huko kuogelea. Pima asubuhi likiwa baridi, ukifuata kipimo cha kitabu cha pikipiki, na ukibeba abiria fuata kile cha watu wawili.