Bolti za mkuku: usiiamini nati

Mashua kuukuu ya tanga ikielea pale Kaazi au Munyonyo, kwenye Ziwa Viktoria, huonekana nzima: rangi imepakwa upya, kamba hazina ukungu. Lakini uzito unaoizuia isipinduke, yaani mkuku wa chuma au wa risasi ulio chini yake, umeshikwa na bolti chache ambazo pengine mwenye chombo hajaziona tangu alipokinunua. Anachoona ni nati ndani ya ngama. Akizikuta zimekaza, anaridhika, na hapo ndipo anapokosea.

Bolti ya mkuku hailiwi kichwani. Huliwa shingoni, pale mkuku unapokutana na mwili wa mashua. Maji hupenya katika kiungo hicho yakatuama. Chuma cha kawaida hushika kutu na kukonda. Stenlesi hudanganya zaidi, kwa sababu utando unaoikinga huhitaji oksijeni, na katika ufa wenye maji yaliyotuama oksijeni haitoshi. Basi hutobolewa vishimo virefu huku ncha zake za juu zikiendelea kung'aa.

Utaambiwa kuwa maji ya ziwa letu hayana chumvi. Ni kweli, na kwa hiyo hula chuma polepole kuliko maji ya Mombasa. Polepole si kamwe, na mashua iliyowahi kuelea baharini kabla ya kuletwa huku inaweza kuwa imebeba chumvi ndani ya kiungo chake. Halafu kuna miamba. Kila mkuku unapogonga mwamba, bolti na mbao zinazoishika huumia pamoja. Mwezi Mei 2014 mashua ya Uingereza iitwayo Cheeki Rafiki, iliyoundwa mwaka 2006 tu, ilipoteza mkuku wake katika Atlantiki ikirudi kutoka Antigua, na mabaharia wote wanne wakapotea. Wachunguzi walitaja uwezekano kwamba kupwelewa mara kadhaa huko nyuma, pamoja na matengenezo yaliyofuata, vilidhoofisha mahali mkuku uliposhikamana na mwili.

Dalili za kutafuta mashua ikiwa nchi kavu ni michirizi ya kutu kando ya kiungo, ufa uliofunguka upande wa mbele wa mkuku, washa zilizozama ndani ya mbao, na ubao unaobonyea ukiuchoma kwa bisibisi. Lakini hata usipoona hata moja, chomoa bolti moja. Chagua ile unayoishuku kuliko zote, kwa kawaida iliyo mahali ngama inapokusanya maji. Ikitoka, ifute uipime unene kuanzia juu hadi chini. Unaweza kukuta ncha zote mbili ni nene kama kidole gumba, na katikati imebaki nyembamba kama penseli, imezungukwa na tope jeusi. Ukikuta hivyo, zibadilishe zote.

Kazi yenyewe ifanye wakati wa kiangazi, Januari na Februari au Juni na Julai, maana mvua ikinyesha udongo huwa laini na mihimili huzama. Mkuku wote ukalie magogo mazito ya mbao. Usitumie matofali, hupasuka ghafla. Mwili uegemezwe pande zote mbili, na mtu yeyote asiingie chini kabla uzito haujatulia.

Toa bolti moja, weka mpya, kisha nenda kwenye nyingine iliyo mbali kidogo. Ukizitoa zote kwa pamoja, mkuku utasogea na matundu hayatakutana tena. Bolti iliyogoma inyweshe mafuta ya kupenyeza usiku kucha, funga nati mbili juu yake ili kulinda hesi, halafu igonge kwa nyundo nzito kuelekea chini. Kama mkuku ni wa risasi na bolti zimemiminiwa ndani zikiwa zimepinda kama ndoana, usihangaike kuzivuta. Toboa tundu jipya kando, fungua kijidirisha ubavuni mwa mkuku ili uweke washa na nati, kisha ukizibe. Vumbi la risasi ni sumu: funika pua na mdomo, na usilifagilie ziwani.

Kuhusu bolti mpya, sisi wa Kisugu, hapa Kampala, hatuko mbali na Eneo la Viwanda wala na Katwe, ambako mafundi wa kuchonga vyuma wanaweza kukutengenezea bolti ya urefu wowote. Ugumu ni kupata malighafi sahihi. Fito za hesi zinazouzwa kwa ajili ya ujenzi, zile zinazometameta, zimepakwa zinki ya mikroni chache tu, na haitadumu ndani ya ngama. Kwa mkuku wa chuma taka chuma kilichochovywa katika zinki ya moto. Ukiamua kutumia stenlesi, tafuta alama ya A4 kichwani, si A2. Sumaku haitakusaidia kuzitofautisha. Bronzi inafaa mkuku wa risasi, lakini usiifunge kwenye mkuku wa chuma, kwani chuma kitaliwa kwa ajili yake.

Safisha kila tundu, likaushe, upake gundi ya baharini isiyopitisha maji shingoni na chini ya washa. Washa iwe bamba pana na nene, ili nguvu isiponde mbao. Kaza kwa awamu, ukianza katikati ukielekea nyuma na mbele, na usimpe spana kijana anayetaka kuonyesha misuli: mbao zikianza kupondeka, umepita kiasi. Mashua ya mbao ikishakaa majini wiki chache, mbao zitakuwa zimefura, basi rudi ukague nati zote tena.

Kama unakagua mashua kuukuu ili uinunue, mwombe muuzaji akuruhusu kuchomoa bolti moja kwa gharama yako. Akikataa, usinunue.