Mwanafunzi wa Mwaka wa Kwanza na Homa ya Malaria

Kila mwaka wa masomo unapoanza, vijana wetu wa Kigoma, Ujiji na vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika hufunga mizigo na kwenda vyuo vikuu vya Dodoma, Iringa, Mwanza au Dar es Salaam. Wazazi huwapa dagaa, mawese na maonyo mengi. Somo letu la leo ni juu ya onyo moja linalosahauliwa: homa.

Tuchukue mfano. Kijana wa Ujiji amefika Dodoma. Wiki ya pili, katikati ya pilikapilika za kujiandikisha, anaumwa kichwa, anatetemeka na viungo vinamuuma. Anajisemea, "Malaria nimeizoea tangu utotoni." Anameza Panadol. Mwenzake wa bwenini anampa vidonge vinne vya dawa mseto alivyobakiza. Hataki kukosa vipindi, wala hataki nyumbani wajue. Siku ya tatu anaongea maneno yasiyoeleweka, na wenzake wanambeba kumpeleka hospitali. Je, alikosea wapi?

Kosa la kwanza: alidhani mazoea ni kinga kamili. Aliyekulia penye malaria nyingi hupata kinga kiasi, lakini bado aweza kuugua sana.

Kosa la pili: hakupima. Homa yaweza kuwa malaria, nimonia, homa ya matumbo au ugonjwa wa njia ya mkojo. Kipimo cha haraka cha malaria huhitaji tone la damu tu, na majibu hutoka kwa muda usiofika nusu saa. Tena mwambie mganga umetoka wapi. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2017, watoto wadogo wapatao 24 kati ya kila 100 mkoani Kigoma walikutwa na malaria. Dodoma hawakufika 2. Vimelea hukaa mwilini siku 7 hadi 14, mara nyingine zaidi, kabla homa haijaanza. Kwa hiyo mbu aliyekuuma Ujiji aweza kukulaza Dodoma.

Kosa la tatu: alimeza dozi pungufu. Dozi ya dawa mseto kwa mtu mzima ni vidonge 24: vidonge 4 kila mara, mara 6 kwa siku 3, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Hata ukipata nafuu siku ya pili, maliza. Dawa iliyobaki kwa mwenzako ni dalili kwamba naye hakumaliza.

Kosa la nne: alificha. Kijana, ukihisi homa, mwambie mwenzako wa chumbani siku hiyo hiyo, na uende zahanati ya chuo. Kipindi kilichokosekana hufidiwa kwa daftari la rafiki.

Dalili za hatari ni hizi: kuchanganyikiwa, degedege, kutapika kila kitu, kushindwa kukaa au kusimama, macho ya manjano, mkojo mweusi, kupumua kwa shida. Ukiona hata moja, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku wa manane.

Neno la likizo. Ile kinga kiasi hupungua mtu akikaa mbali kwa miezi mingi. Mwanafunzi anayerudi Kigoma asijione mwenyeji. Alale ndani ya chandarua chenye dawa tangu usiku wa kwanza, kama mgeni. Akirudi chuoni akapata homa, amweleze mganga kwamba alikuwa nyumbani.

Wazazi, kabla mtoto hajaondoka, hakikisheni mambo matatu: ada ya bima ya afya imelipwa, chandarua kimo katika mzigo, na mtoto anajua kwamba akiugua, kuwapigia simu si kuwasumbua.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya:
1. Kwa nini vijana wetu huficha ugonjwa wakiwa mbali?
2. Nyumbani kwetu, je, tunapima kabla ya kumeza dawa?
3. Jumuiya yaweza kumsaidiaje mwanafunzi ambaye wazazi wake hawana ada ya bima?

Mungu awalinde vijana wetu safarini na masomoni.