Mdogo Wangu, Shamba la Mpunga Lisiuzwe

Mdogo wangu wa Mpanda, barua yako nimeisoma na pole nyingi sana. Mumeo kaanguka na bodaboda, uti wa mgongo umeumia, miguu imekufa ganzi. Sasa kuna mtu analeta pakiti za unga wa "seli shina", na shemeji zako wanataka lile shamba la mpunga la Mpimbwe liuzwe zinunuliwe. Unauliza mfanyeje. Nakujibu waziwazi: msiuze.

Seli shina ni seli changa zinazoweza kukua zikawa seli za aina nyingine. Si uongo, na zinatibu. Hata hapa kwetu, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, inapandikiza uloto, wenye seli shina za damu, kwa watoto wenye selimundu. Lakini hiyo ni tiba ya damu. Kwenye uti wa mgongo kazi ni ngumu zaidi, maana nyuzi za fahamu zilizokatika zinatakiwa ziote upya, zipenye kovu, zifike zilikokuwa zinakwenda.

Huko bado ni utafiti. Machi 2025, Chuo Kikuu cha Keio, Japani, kilitangaza matokeo ya wagonjwa 4: wawili walipata nafuu, mmoja wao akaweza kusimama. Walipandikizwa seli shina kwa upasuaji, wiki chache tu baada ya kuumia. Inatia moyo, lakini watu 4 ni wachache, na wapo wanaopata nafuu kiasi bila kupandikizwa chochote. Hatari nayo ipo. Mwaka 2014 madaktari wa Marekani waliripoti habari za mwanamke aliyepandikizwa mgongoni seli za kutoka puani. Miaka 8 baada ya kupandikizwa alikutwa na uvimbe palepale, ikabidi apasuliwe.

Sasa huo unga wa kukoroga na maji unakwenda tumboni, unameng'enywa kama ugali. Hauna njia ya kufika kwenye uti. Anayeuza muulize: kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na cha TMDA, mamlaka ya dawa, kiko wapi? Jaribio halali lina vibali, na mgonjwa hauziwi dawa inayojaribiwa.

Nguvu zako ziweke hapa. Mgeuze mumeo kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, mkipokezana na ndugu. Asubuhi na jioni kagua makalio, nyonga, kifundo na kisigino. Ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu upesi, kwa hiyo tumia kiganja: pakiwa pa moto, pagumu, au peusi kuliko pembeni yake, asilalie tena upande huo mpaka patulie. Yeye hasikii maumivu, na kidonda kinaweza kufika mfupani. Akikaa kwenye kiti, ajinyanyue kwa mikono mara kwa mara. Mkojo ukinuka vibaya, ukiwa na ukungu, au akipata homa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Vidonda na maambukizi ya mkojo ndivyo vinavyoua wengi waliopooza.

Pale Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi, omba mfundishwe mazoezi ya viungo na namna ya kutoa mkojo kwa usafi. Uliza pia kama anahitaji rufaa ya MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili. Shamba libaki: litalisha watoto, litanunua kiti cha magurudumu, na mumeo anaweza kulisimamia akiwa amekaa. Waite shemeji zako, muisome barua hii pamoja na mumeo. Mwili ni wake, naye asikilizwe.