Dondoo muhimu: Joto la ardhini kwa biashara, Kendu Bay

Usianze na umeme. Mtambo wa kuuzalisha ni kazi ya Olkaria kule Naivasha, ambako umeme huo umefuliwa tangu 1981. Mfanyabiashara wa Kendu Bay, jirani wa chemchemi za moto za Homa Hills, atafute joto lenyewe. Omena, kwa mfano, hukauka kwa hewa vuguvugu tu, na msimu wa mvua ndio unaoiozesha ikianikwa nje. Pale Menengai, karibu na Nakuru, kampuni ya serikali ya joto la ardhini, GDC, imeonyesha joto hilo likikausha nafaka, likipasha maziwa moto na kufua nguo. Shamba la Oserian, Naivasha, limewahi kupashia nalo vibanda vya maua.

Pima chemchemi kwanza: joto, wingi wa maji na kemikali zake, kiangazi na masika. Maji hayo mara nyingi yana floraidi na chumvi, kwa hiyo yasiguse chakula. Yapitishe kwenye kibadilisha-joto, ambacho utakisugua ukoko mara kwa mara (mafundi wengi hulisahau hili kwenye bei).

Kuwa na shamba hakukupi chemchemi: kwa Sheria ya Nishati ya 2019, rasilimali ya joto la ardhini iko mikononi mwa serikali kuu. Omba kibali, pitia NEMA, mamlaka ya mazingira, kisha ndipo ununue mabomba.