Kaya na Kauli: Msitu Mtakatifu wa Wamijikenda kama Sehemu ya Fasihi Simulizi

Utangulizi

Katika Kiswahili Sanifu, hasa kama kinavyotumiwa nchini Tanzania, neno kaya humaanisha watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Hiyo ndiyo maana inayotumiwa wakati wa sensa. Kwa Wamijikenda wa pwani ya Kenya, neno hilohilo hutaja makao ya kale ya wahenga yaliyojengwa katikati ya msitu mnene na kulindwa na msitu huo. Maana hizi mbili hazipingani. Zote zinarejelea nyumbani. Tofauti ni kwamba kwa Mmijikenda, nyumbani hapo hapakamiliki bila miti.

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba msitu wa kaya si mandhari tu ambamo fasihi simulizi ya Wamijikenda hutendwa, bali ni sehemu ya fasihi hiyo. Msitu ukifyekwa, kauli fulani hukosa mahali pa kusemewa. Na kauli hizo zikipoteza nguvu, msitu nao hukosa mlinzi. Ikiwa hoja hii ni ya kweli, basi desturi ya wanafunzi wengi wa fasihi ya kwenda nyanjani na kinasasauti, kukusanya matini na kurejea chuoni wakiamini kwamba wamehifadhi utamaduni, inahitaji kuangaliwa upya.

Kaya na Wenyewe

Jina Mijikenda lina maana ya miji tisa, kwani kenda ni neno la kale la Kiswahili lenye maana ya tisa. Miji hiyo ni Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Wachonyi, Wakambe, Waribe, Warabai, Wajibana na Wakauma. Jina hili lilienea katika miaka ya 1940 na kuchukua mahali pa jina Wanyika, ambalo wenyewe waliliona kuwa la dharau. Lugha zao na Kiswahili ni ndugu wa tumbo moja katika kundi la lugha za Sabaki. Undugu huo hudhihirika hata katika majina ya misitu. Kaya Mudzimuvya iliyoko Rabai, kwa mfano, ni mji mpya: mudzi ni mji na muvya ni mpya. Hata hivyo, mwanafunzi asidanganywe na ukaribu huo. Neno kambi, ambalo kwa Mswahili ni mahali pa kutua kwa muda, kwa Mgiriama ni baraza la wazee, yaani chombo cha kudumu cha kutoa uamuzi.

Kwa mujibu wa mapokeo yao, Wamijikenda walitoka Singwaya, upande wa kaskazini, wakakimbilia kusini kwa sababu ya vita na kujenga kaya zao. Wanahistoria wamebishana kuhusu ukweli wa safari hiyo. Thomas Spear, katika kitabu chake cha mwaka 1978 kuhusu historia ya kaya, aliyatumia mapokeo hayo kama ushahidi, ilhali wengine wameyatilia shaka. Kwa mtafiti wa fasihi, lililo muhimu ni kwamba mighani hiyo inaishia mahali panapoonekana kwa macho. Msimulizi anapofika mwisho wa safari, anaweza kunyoosha kidole na kuuonyesha msitu.

Ujenzi wa kaya ulifuata utaratibu maalumu. Uwanja ulifyekwa katikati ya msitu, na njia nyembamba zilizopitia katika malango ndizo zilizokuwa za kuingilia. Fingo, yaani dawa ya ulinzi ambayo inasemekana ilibebwa kutoka Singwaya, ilifukiwa ardhini. Wazee walikutana katika moro, jengo la baraza. Kuanzia karne ya kumi na tisa watu walianza kuhama kaya ili kulima na kufuga, na kufikia miaka ya 1940 kaya zilikuwa zimehamwa. Miti ilirejea uwanjani, makaburi yakabaki, nazo kaya zikawa makao ya koma, yaani roho za wahenga.

Kauli Iliyoulinda Msitu

Kwa muda mrefu msitu wa kaya haukuwa na ua wa seng'enge wala askari wa kuulinda. Ulilindwa na maneno. Miiko ilikataza kukata mti, kuokota kuni na kuzitoa nje, kulisha mifugo na kutoka katika njia iliyozoeleka. Aliyevunja mwiko alitakiwa kutoa kafara ili kujitakasa, na nyuma ya mwiko huo yalikuwako maapizo ambayo kila mtu aliyaogopa. Ni kwa sababu hiyo misitu hii, ingawa mingi ni midogo, imehifadhi mimea adimu katika sehemu za pwani ambako ardhi ya pembeni imekwisha kulimwa yote.

Uhusiano huu una pande mbili. Kama maneno yaliulinda msitu, msitu nao uliyapa maneno nguvu. Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, alisisitiza kwamba utendaji ni kiini cha fasihi hiyo wala si pambo lake. Msisitizo huo unafaa kupanuliwa hadi kwenye mahali. Dua ya mvua inayotolewa na wazee ndani ya kaya wakati wa ukame haielekezwi kwa hadhira iliyo hai pekee. Hadhira yake kuu ni wahenga waliozikwa hapo. Dua hiyohiyo ikisemwa ukumbini, maneno yatakuwa yaleyale, lakini hadhira yake haitakuwapo. Vivyo hivyo, kiapo kilicholiwa ndani ya kaya humfunga mlaji kwa namna ambayo kiapo cha barabarani hakiwezi kumfunga.

Funzo la Kaya Fungo

Historia ya Wagiriama inatoa mfano bayana. Mnamo mwaka 1913, Mekatilili wa Menza, akishirikiana na Wanje wa Mwadori, aliwahamasisha Wagiriama wapinge kodi na kuchukuliwa kwa vijana wao kufanya kazi za wakoloni. Aliwavuta watu kwa ngoma ya kifudu, ambayo kwa kawaida huhusishwa na matanga. Hata hivyo, ngoma pekee haikutosha. Umati uliitwa Kaya Fungo, na huko wanawake wakala kiapo cha mukushekushe nao wanaume wakala kiapo cha fisi, kwamba hawatashirikiana na serikali.

Waingereza walimkamata Mekatilili na kumpeleka uhamishoni, mbali na kwao. Lakini walitambua kwamba kumwondoa msemaji hakukukiondoa kiapo. Mnamo Agosti 1914 wakailipua Kaya Fungo kwa baruti. Kitendo hicho kinafaa kutafakariwa na kila mwanafunzi wa fasihi. Maofisa wale hawakuwa wahakiki wa fasihi simulizi, lakini walielewa jambo ambalo wahakiki husahau mara kwa mara: kauli ina makao, na anayetaka kuivunja huanza na makao yake.

Vitisho vya Leo

Leo baruti haihitajiki. Katika pwani ya kusini, thamani ya ardhi iliyo karibu na ufuo imewavutia wajenzi wa hoteli, na sehemu za misitu ya kaya zimemegwa. Kwingineko kuna uchimbaji wa mawe na mchanga, uchomaji wa makaa na ukataji wa mbao. Ugawaji wa ardhi kwa hatimiliki za watu binafsi nao umeifanya misitu mingine kuwa visiwa vidogo kati ya mashamba. Vijana wengi, wawe Waislamu au Wakristo, wamefundishwa kwamba mambo ya koma ni ushirikina. Shuleni hujifunza fani za fasihi simulizi bila kuambiwa kwamba babu zao ni watendaji wa fani hizo. La kuhuzunisha zaidi ni mauaji ya wazee katika Kaunti ya Kilifi kwa tuhuma za uchawi, ambazo aghalabu hufunika ugomvi wa ardhi. Mzee anapouawa, mwiko hupoteza mtu wa kuusema.

Vigango navyo vina habari inayofanana na hiyo. Hizi ni nguzo za mbao zilizochongwa kwa ajili ya marehemu waliokuwa wanachama wa chama cha Gohu. Kwa desturi kigango hakihamishwi, hata wenyewe wakihama. Desturi hiyo iliwarahisishia wezi kazi. Vigango vingi viliibwa na kuuzwa ng'ambo, hasa Marekani, vikawekwa makumbushoni kama sanaa. Mwaka 2007, viwili vilirejeshwa Kenya kutoka Marekani. Makumbusho yale yalikuwa yamekitunza kitu vizuri sana, huku yakiwa yamekitenga na kila kilichokipa maana.

Sheria na Kinasasauti

Juhudi za kuhifadhi zipo. Kuanzia mwaka 1992, kaya kadhaa zilitangazwa kuwa turathi za kitaifa zinazolindwa kisheria chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mwaka 2008, UNESCO iliingiza maeneo 10 ya misitu ya kaya katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2009, shirika hilo liliziweka mila zinazohusiana na kaya katika orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kulindwa kwa dharura. Orodha ya kwanza ni ya msitu, ya pili ni ya maneno na matendo. Kwa wazee wa kaya, hicho ni kitu kimoja.

Mahakama nayo imekaribia kusema hivyo. Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za Waogiek kwa kuwafurusha kutoka msitu wa Mau, zikiwemo haki zao za ardhi, dini na utamaduni. Tarehe 23 Juni 2022 iliamuru walipwe fidia ya shilingi 157,850,000. Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka 2023 familia za Waogiek zilifurushwa tena. Ni dhahiri kwamba hukumu pekee haimrudishi mtu msituni.

Katika Kaya Kinondo, Kaunti ya Kwale, wazee wamejaribu njia nyingine. Wageni huruhusiwa kuingia sehemu ya msitu wakiwa wamejifunga kaniki nyeusi, wakiongozwa na mwenyeji, na hawaruhusiwi kutoka na chochote. Mapato huisaidia jamii. Mpango huu una hatari ya kuugeuza utakatifu kuwa tamasha, lakini una fadhila moja: ni wenyewe wanaoamua nini kionyeshwe na nini kifichwe.

Mtafiti wa fasihi ana la kujifunza hapo. Kwanza, aombe ruhusa kwa wazee kabla ya kuuliza swali lolote. Pili, anaporekodi dua au kiapo, aandike mahali kiliposemewa, miti iliyotajwa na nani aliruhusiwa kusikia. Tatu, nakala irudi kwa wenyewe kabla ya kuwekwa maktabani. Nne, na hili ndilo gumu kwa anayesaka shahada, akubali kwamba baadhi ya kauli si za kurekodiwa. Tasnifu yenye pengo iliyoheshimu mwiko ni bora kuliko tasnifu kamili iliyouvunja, kwa kuwa mwiko huo ndio ulioufikisha msitu hadi siku ya leo.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kaya na kauli hutegemeana: msitu ulisalia kwa sababu watu waliendelea kusema maneno fulani, nayo maneno hayo yalibaki na nguvu kwa sababu msitu ulisalia. Kwa hivyo, mwanafunzi wa fasihi simulizi hawezi kumwachia mwanamazingira suala la miti. Siku ambayo dua ya mvua ya kaya itapatikana katika kanda peke yake, maktabani Nairobi, itakuwa na msikilizaji mwenye kalamu, lakini haitakuwa na mtu wa kuitikia.